Maandishi Yanayomezwa na Ukingo wa Runinga



Miongoni mwa malalamiko tunayoyapokea, lipo moja ambalo mlalamikaji huliwasilisha kwa aibu kidogo, kana kwamba anatupotezea muda: maandishi yaliyo chini ya picha katika runinga yake hayaonekani yote. Mstari wa mwisho wa tafsiri ya filamu umekatwa nusu, na matokeo ya mpira pembeni yamepoteza tarakimu. Sisi hatulioni kuwa jambo dogo. Mama mmoja alitueleza kwamba fundi amekwisha kumwambia kuwa kioo cha runinga yake kimekufa, naye anatafuta fedha za kioo kipya. Mwanawe hasikii, kwake yeye maandishi yale ndiyo mazungumzo yenyewe. Tulimwomba afungue menyu ya runinga, ile ya rimoti ya runinga na si ya king'amuzi. Menyu ikatokea nzima, kingo zote nne. Kioo kilikuwa kizima. Kilichohitaji kubadilishwa ni mpangilio mmoja tu.

Asili ya tatizo hili ni kongwe kuliko runinga bapa tulizonazo leo. Katika runinga za chogo, picha ilichorwa kwa mwali wa elektroni, na ukubwa wake uliweza kubadilika kadiri umeme ulivyopanda na kushuka na vipuri vilivyochakaa. Ili mtazamaji asione ukingo mweusi ukichezacheza, watengenezaji waliikuza picha hata ikapita kidogo mipaka ya kioo, na watangazaji wakazoea kuweka maandishi mbali na kingo. Runinga bapa haina haja hiyo, kwani nukta zake hazihami: zile za HD kamili zina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Hata hivyo, zipo nyingi zinazotoka kiwandani zikiwa bado zinaikuza picha. Ikikuzwa kiasi cha kuficha asilimia 5 ya kimo, mistari 54 hupotea, 27 juu na 27 chini, na huko chini ndiko tafsiri hukaa.

Basi kabla ya kumwita fundi, tunawaomba mchunguze kwa utaratibu. Ikiwa menyu ya runinga yenyewe nayo imekatwa, au sehemu ya kioo ni nyeusi daima, hilo ni hitilafu ya kifaa; rudini dukani na risiti, wala msiruhusu mtu afungue mgongo wa runinga iliyo ndani ya muda wa dhamana. Ikiwa kasoro iko katika chaneli moja tu, chanzo huenda ni mtangazaji. Ikiwa menyu ya runinga ni nzima lakini ya king'amuzi imekatwa, mpangilio wa picha ndio wa kushukiwa kwanza.

Ingieni katika menyu ya picha, mtafute ukubwa au uwiano wa picha. Chagueni 16:9 kwanza, kisha kile kinachoonyesha picha bila kuikuza. Hapa watengenezaji wametutesa bure, kwa kuwa kila mmoja amekipa jina lake: katika runinga nyingi za LG kinaitwa «Just Scan», na katika nyingi za Samsung «Screen Fit» au «Fit to Screen». Mkikosa yote, someni kitabu cha maelekezo. Kumbukeni pia kwamba runinga nyingi huhifadhi mpangilio huu kwa kila tundu peke yake. Aliyerekebisha upande wa king'amuzi asishangae kuona deki bado inakata maneno. Wengine hupunguza picha kwenye king'amuzi ili kufidia ukuzaji wa runinga. Maandishi yataonekana, ila picha iliyopunguzwa kisha ikakuzwa hupoteza ukali wake. Anzeni na runinga.

Kuna kosa jingine ambalo, tukiri, tunalifanya wenyewe. Filamu nyingi za sinema ni pana kuliko kioo cha 16:9, hivyo huacha mikanda myeusi juu na chini. Mtazamaji huudhika, akaona amenunua inchi 43 na anapewa 30, akabonyeza kitufe cha kukuza. Mikanda hutoweka, lakini katika filamu ya uwiano wa 2.39 takriban robo ya upana wa picha hutoweka pia, na tafsiri iliyoandikwa ndani ya mkanda wa chini huondoka nao. Mikanda ile si hasara. Iacheni.

Mnaponunua, msiridhike na picha za maua na samaki zinazochezwa dukani. Mwombeni muuzaji aunganishe king'amuzi, afungue kipindi chenye maandishi chini, kisha awaonyeshe mahali pa kuzima ukuzaji. Asiyeweza kuwaonyesha kabla ya kulipwa, msitegemee kwamba ataweza baadaye. Jambo hili linagusa mfuko pia: sentensi ndogo inayoeleza vigezo na masharti ya promosheni hupita chini kabisa ya kioo, kwa sekunde chache, na runinga inayokata ukingo humnyima mtumiaji haki ya kuisoma kabla ya kutuma fedha zake.

Aliyefuata hatua hizi bila mafanikio atuletee risiti, namba ya toleo la runinga iliyobandikwa mgongoni, na picha mbili zilizopigwa kwa simu: moja ya menyu ya runinga, nyingine ya kipindi kilichokatwa.