Kuku Wasiotaka Banda

Mazungumzo yetu ya jioni hii hayahusu mambo makubwa ya dunia. Twataka kunena habari za kuku, tena habari za saa moja tu katika siku yake: saa ile jua linapokuchwa, mwenye nyumba akisimama uani na kijiti mkononi, akiwakimbiza kuku wake waingie bandani, nao hawataki.

Sisi tukaao Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, twaijua sana saa hiyo, maana huku miembe ni mingi, na kuku aliyekwisha kuzoea kulala mwembeni hashuki kwa maneno. Mwaka mmoja tulikuwa na kuku kumi na wanane. Tuliwajengea banda la udongo lenye paa la bati na mlango wa mbao, nasi tuliliona kuwa zuri. Kila jioni walioingia walikuwa saba au wanane. Wengine walirukia ua, toka ua hata tawi la kwanza, na toka tawi la kwanza hata kileleni. Tuliwatupia vibonge vya udongo, tukawatuma watoto wapande, tukarudi ndani tumechoka. Asubuhi moja tulikuta chini ya mti manyoya ya tetea aliyeanza kutaga juma lile lile. Tulimshuku kanu, kwa kuwa kicheche si hodari wa kupanda miti.

Tukakasirika. Usiku uliofuata tuliwashusha wote kwa mikono, tukawatia bandani, tukapiga komeo, na tundu la dirisha tukaliziba kwa gunia ili kanu asipate hata mahali pa kupenyeza pua. Tulifanya hivyo usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Usiku wa nne mvua ilinyesha, siafu wakatoka. Tulisikia kelele bandani, tukasemezana ya kuwa kuku wanagombania nafasi, tukalala. Kulipopambazuka tulikuta kuku kumi na mmoja wamekufa, na waliosalia walikuwa sita tu, wale walioweza kurukia boriti. Kuku hao ndio waliokuwa sare na madaftari ya binti yetu kwa mwaka ule. Yeye akatuuliza, "Baba, kwani wale wa mwembeni tuliwashusha kwa nini?" Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo, kuku akikataa banda, hatumfuati yeye. Twalifuata banda kwanza, tukaingia ndani kwa magoti, tukatazama.

Jambo la kwanza tulilolikuta ni utitiri. Wadudu hawa ni wadogo kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na chini ya magome ya fito, na usiku hutoka kunyonya damu. Mtu akiingia mchana haoni kitu, akasema banda lake ni safi. Sharti aende usiku na taa, apitishe kidole chini ya ufito. Kikitoka na madoa ya damu, amekwisha kupata sababu ya kuku wake kukimbia. Fito zetu tulizifunga na magome yake, kwa uvivu tu, na kwa hiyo tuliwajengea utitiri nyumba bora kuliko ya kuku. Tulizitoa zote, tukazimenya, tukazimwagia maji yanayochemka, tukazianika juani. Nyufa tukazikandika udongo, ukuta tukaupaka chokaa, na ncha za fito tukazipaka mafuta ya taa. Nje tuliweka shimo la majivu na mchanga mkavu ili kuku waoge humo. Kazi hii haifanywi mara moja ikaisha. Mayai ya utitiri huangua upesi, basi twarudia baada ya juma moja, kisha twakagua kila mwezi.

Jambo la pili ni giza. Asili ya kuku ni ndege wa mwitu wa Asia ya kusini mashariki, ambaye hata leo hulala juu ya miti. Jicho lake limeumbwa kwa nuru ya mchana. Giza likiingia haoni vema, naye alijua hilo kabla sisi hatujalisoma vitabuni. Kwa hiyo hutafuta mahali pa juu wakati nuru ingalipo kidogo. Nasi tulimwonyesha nini? Tundu jeusi chini, na mbele yake mwembe wenye nuru ya magharibi. Hata mtu asingeingia. Basi tulitoboa dirisha upande wa machweo, tukalikaza kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, na kwa majuma mawili tuliweka taa ndogo ndani tangu saa kumi na mbili jioni hata kuku wote watulie. Huku kwetu jua likishazama giza halikawii, kwa hiyo taa ikichelewa robo saa haina kazi tena.

Na fito nazo ziwe juu. Kuku hulala pale panapomwinua kuliko wenzake, na zikiwa zote chini, wakubwa huwasukuma wadogo, na wadogo ndio waendao mwembeni. Tumeziweka zote kwa kimo kimoja ili magomvi yapungue, unene wake kama mpini wa jembe, na kila kuku apata shibiri moja ya kukaa.

Habari ya siafu twaisema kwa uchungu. Banda la sasa limesimama juu ya miguu minne, na kila mguu umetiwa katika kopo lenye oili chafu ya gari. Majivu yaliyomwagwa chini husaidia, lakini mvua moja huyaondoa. Zaidi ya hayo tulilihamisha banda karibu na dirisha la chumba tulalacho. Kuku wakipiga kelele usiku, twaamka. Na tukiona siafu, mlango hufunguliwa papo hapo, kanu awepo asiwepo.

Banda likiwa tayari, ndipo mafundisho huanza, nayo si magumu. Kuku hujifunza kwao kwa kulala hapo. Wafungie ndani siku saba mpaka kumi, mchana na usiku, wakiwa na maji, chakula na hewa ya kutosha, kisha wafungulie alasiri moja, saa moja au mbili kabla ya magharibi. Wengi watarudi. Wakati wa kurudi piga kopo na kutupa konzi ya mtama ndani ya banda, tena ndani tu, usitupe uani hata kidogo. Kukimbiza hakufai kabisa. Kuku aliyekimbizwa hukumbuka ya kuwa mlangoni pa banda ndipo alipotishwa. Atakayebaki mtini, mwache. Giza likishika sana mwendee polepole, mchukue kwa mikono miwili, umweke ufitoni na wenziwe. Usiku kuku ni mpole. Wako wakatao manyoya marefu ya bawa moja ili kuku asiruke. Sisi hatupendi jambo hilo, kwani mbwa akija mchana kuku huyo atakimbilia wapi?

Njia hii ya Tabora ni njia ya wageni tangu zamani. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa, na Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871, Waarabu walimletea zawadi za ng'ombe, mbuzi na kuku. Kuku aliyebebwa tengani alilala popote alipotuliwa, maana hakuwa na pake. Yule umnunuaye sokoni leo, aliyeletwa juu ya baiskeli kichwa chini miguu juu, ni vivyo hivyo. Wazee wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ni kweli, ila kamba humtia jeraha na kumzuia asimkimbie mwewe. Kumfungia bandani ni bora. Na kwa majuma mawili ya kwanza mfungie mahali pa peke yake, asije akaleta maradhi kwa wenyeji.

Mama mwenye vifaranga msimlazimishe kupanda ufitoni. Yeye hulala chini, watoto wakiwa chini ya mabawa yake, basi apewe tenga au sanduku lake. Na tetea asiyeonekana jioni mbili tatu huenda hakuasi. Pengine anaatamia kichakani. Mtafuteni kabla ya kanu. Siku za kuatamia ni ishirini na moja.

Mtu ataweza kusema, kuku wangu hulala mtini miaka yote, nami nala mayai. Tutamjibu kwa neno moja, nalo ni mdondo, uitwao pia kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na huko Newcastle, Uingereza, na mwaka 1935 ulionekana Mombasa. Ukiingia kijijini waweza kumaliza karibu kuku wote. Dawa ya kuuponya haipo. Chanjo ipo, nayo iitwayo I-2 yavumilia joto kuliko zile za zamani. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku mzima asiye mgonjwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini chanjo haimfikii kuku aliye kileleni mwa mwembe. Mchanjaji hufika mapema alfajiri, kabla banda halijafunguliwa, nao walio ndani huchanjwa mmoja mmoja bila mbio. Walio nje huachwa, na hao ndio waletao msiba baadaye.

Jana usiku tuliwahesabu kwa tochi. Ishirini na wawili walikuwa ufitoni, wamejipanga kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Wa ishirini na tatu, jogoo mmoja wa kishingo tuliyemnunua mwezi uliopita, alikuwa mwembeni. Tukimaliza mazungumzo haya twaenda kumshusha. Kwaherini.