Ucheleweshaji wa Vibali vya Kazi na Ukaazi: Uzoefu wa Wakandarasi Wadogo wa Matongo



Waandaaji wa mkutano huu wameniagiza nianze na maana ya maneno. Hapa Tanzania kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa Sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wageni. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji: daraja A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi na wamisionari. Mwajiriwa anahitaji vyote viwili, na cha pili husubiri cha kwanza. Hayo mnayajua.

Kilichonileta ni faili linalorudishwa kila mara kwa kosa jipya.

Tulipata kazi ya pampu mgodini, mkataba wa miezi sita. Fundi anayezijua pampu zile ni wa Kehancha, nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ombi likarudi: vyeti havijathibitishwa. Kosa letu, tukathibitisha. Likarudi: mpango wa urithishaji ujuzi hautoshi. Tukamwandika kijana wetu wa hapa Matongo, na atakachofundishwa wiki kwa wiki. Likarudi tena: kurasa za mkataba hazina saini pembeni. Mkataba ulikuwa uleule wa siku ya kwanza! Jirani yangu, ambaye mkataba wake nao haukuwa na saini hizo, alipewa kibali mwezi huohuo. Chetu kilipotoka mkataba ulibakiza wiki tano, na fundi alikwishapata kazi Migori.

Sipingi ukaguzi. Mpaka huu umewapita Wakurya katikati. Majina ya Chacha na Mwita yako pande zote mbili, na afisa ana haki ya kuuliza huyu ni wa wapi. Nasi tuseme ukweli: wapo kati yetu wanaopeleka ombi fundi akiwa tayari amevaa kofia ngumu, yuko kazini. Hao wanatuharibia sote.

Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kanuni zake zinampa mwenye mamlaka siku 30 za kutoa kibali kwa mfanyakazi wa nchi mwanachama. Mfumo wa Uhamiaji Mtandao nao ulizinduliwa hapa kwetu Januari 2018. Mei 2021 Uhuru Kenyatta, Rais wa Kenya wakati huo, alitangaza Nairobi kwamba wawekezaji wa Tanzania hawatadaiwa vibali vya kazi Kenya. Tulipiga makofi. Tamko la jukwaani, hata hivyo, halimpitishi fundi Sirari.

Kwa heshima napendekeza: dosari zote za ombi zitajwe mara moja, kwa maandishi. Orodha ya viambatisho iwe moja kwa ofisi zote. Siku 30 zihesabiwe tangu ombi linapopokelewa. Mikataba mifupi ipangiwe foleni yake. Waajiri tusimwingize mtu kazini kabla ya kibali. Ombi linalofanana na lililokubaliwa lisikataliwe bila sababu iliyoandikwa. Na narudia, Mwenyekiti, mtanisamehe: dosari zote, mara moja, kwa maandishi.

Nimekuja na mafaili manne kwenye mkoba huu. La zamani zaidi lina miezi saba. Namwomba afisa yeyote aliyepo ukumbini ayaangalie kabla hatujaenda kula.