Je, kuku wa nyumbani wana faida, au ni kujisumbua bure?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Matayos. Tunayachapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikupata nafasi ya kufika. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.)

Sitawachosha. Najua wengine wameacha palizi ili wafike hapa.

Nimeitwa kwa sababu ya swali moja. Kikundi fulani kimeweka pesa za mzunguko kwa muda, sasa wamegawanyika. Nusu wanasema, "Tununue vifaranga mia moja wa gredi, tujenge nyumba ya kuku, tuuze mayai Busia mjini." Nusu wanasema, "Kuku ni hasara. Kila mwaka tunafuga, kila mwaka wanakufa. Afadhali tununue mbuzi." Katikati kuna mama mmoja aliyeniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nimechoka. Nachunga kuku mwaka mzima halafu nawazika kwa siku tatu. Niambie kama kazi hii ina maana."

Huyo mama ndiye ninayetaka kumjibu leo. Jibu langu ni hili: kuku wa nyumbani wana faida, lakini si kuku wa mtu mmoja peke yake. Wacha nieleze.

Kuku ni nini kwetu

Hapa kwetu, uwe Mkhayo, Msamia, Mteso au Mjaluo, hakuna boma lisilojua kuku. Mgeni wa heshima akija, kuku anachinjwa. Imondo inajulikana ni ya nani, na kuna wazee waliogombana kwa sababu ya kipande hicho kimoja! Lakini mbali na heshima, kuku ni mfuko wa mama. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya pesa ya mtihani, huwezi kuuza ng'ombe. Unamfunga kuku miguu, unakwenda sokoni, saa sita mtoto amerudi darasani. Mtu akiugua usiku, ni kuku anayelipa boda boda. Kwa hiyo kuku wakifa wote kwa wiki moja, mama amevunjiwa benki yake.

Tupige hesabu

Tuanze na kuku wa gredi, maana hao ndio wanatuvutia. Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku mia moja ni kilo 12 kwa siku. Gunia la kilo 70 halimalizi siku sita. Nao kabla ya kutaga yai la kwanza, utawalisha karibu miezi mitano bila kuona hata senti. Mkikosa pesa ya chakula wiki mbili tu, mayai yanapungua, na hasara inaanza kuwatafuna.

Halafu kumbukeni tunaishi mpakani. Trei za mayai kutoka Uganda zikivuka kwa wingi, bei ya Busia inashuka, na wewe huna la kufanya. Mpaka ukifungwa, mambo yanageuka tena. Januari 2017 Uganda ilitangaza homa ya mafua ya ndege, iliyoonekana kwanza kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria upande wa Entebbe. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Wenye biashara hapa mpakani walijua wenyewe siku zile zilikuwaje. Sisemi kuku wa gredi ni wabaya. Nasema ni biashara ya mtu mwenye pesa ya kungojea. Kikundi chenye akiba ndogo kisianzie hapo.

Sasa kuku wa kienyeji. Huyu anajitafutia chakula kwa sehemu kubwa. Anataga kama mayai 12, anatamia siku 21, anaangua labda vifaranga 10. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwaka, ni vifaranga 30 kutoka kwa kuku mmoja. Mbona basi hatuna kuku 30? Kwa sababu mwewe anachukua wake, nguchiro wake, paka wake, mvua inaua wengine. Kifaranga akipita miezi miwili ya kwanza, amepona mambo mengi. Nyumba nyingi zinabaki na vifaranga wawili au watatu katika kila uangujo.

Na hao wanaokua, wanangojewa na adui mkubwa kuliko mwewe.

Ugonjwa unaomaliza boma

Mnaujua. Kuku anasinzia, mabawa yanalegea, anaharisha kijani, anahema kwa shida, wengine shingo inapinda. Leo watatu, kesho saba, kesho kutwa boma ni kimya. Huu ni ugonjwa wa Newcastle, wengine huuita kideri. Si uchawi, wala si jicho la jirani. Ni kirusi. Unaenezwa na kuku wagonjwa, kinyesi chao, manyoya, viatu vyetu, na matenga tunayobebea kuku sokoni. Hupenda kuja wakati wa kiangazi, na wakati kuku wanahamahama sana, kama Desemba.

Dawa hauna. Vitunguu, pilipili, majivu, tembe za binadamu, tumejaribu vyote, sivyo? Ugonjwa ukishaingia, haurudi nyuma. Lakini chanjo iko, na chupa ya dozi mia moja kwa kawaida haifikii bei ya kuku mmoja mkubwa.

Mtaniuliza, kama ni rahisi hivyo, mbona hatuchanji? Hapo ndipo nina ungamo.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kuku 14. Nikasikia mafundisho ya chanjo, nikanunua chupa. Chupa ni ya kuku 100, na ikishafunguliwa inatakiwa kumalizika kwa muda wa saa mbili tu. Nikachanja kuku wangu 14. Dozi 86 nikazimwaga! Miezi mitatu ikapita, ikatakiwa nirudie. Nikasema, "Aa, siwezi kumwaga pesa tena." Nikaacha. Desemba nikanunua jogoo sokoni kwa ajili ya sikukuu, nikamfungulia pamoja na wengine. Mwaka mpya ulinikuta na kuku wawili. Wa majirani nao wakafa, maana kuku wetu hula pamoja. Ugonjwa uliingilia mlangoni kwangu, na dozi 86 nilizomwaga zingetosha nyumba zote zile.

Ndiyo sababu nasema kuku si kazi ya mtu mmoja. Chupa yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya majirani.

Kikundi kifanye nini

Tuchukue mfano. Nyumba 12, kila moja kuku 7, jumla ni kuku 84. Kila mwenye kuku atoe shilingi 10 kwa kila kuku. Hiyo ni 840. Tuseme chupa ni 300, nauli ya boda boda 200, barafu 50. Jumla 550. Zinabaki 290 za kuanzia chanjo inayofuata. Bei mtaziuliza wenyewe kwenye agroveti, lakini njia ya hesabu ni hiyo. Nyumba yenye kuku 7 imelipa shilingi 70. Hakuna aliyefilisika.

Kisha fuateni haya:

1. Chagueni miezi na muiandike ukutani. Februari, Mei, Agosti na Novemba inafaa. Msiikose ya Novemba, maana kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka kabla ya kuku wa Krismasi kuanza kuhama. Vifaranga wapya waanze wakiwa na umri wa wiki moja, warudiwe wakiwa na wiki tatu, kisha wafuate kalenda ya wakubwa.

2. Usiku wa kuamkia siku ile, kila nyumba ifungie kuku wake ndani. Kazi ianze alfajiri. Kuku akishatoka, hutamkamata.

3. Chanjo ibebwe ndani ya chupa ya chai yenye barafu, isipigwe na jua. Ichanganywe kwa maji yake maalumu, si maji ya bomba. Mmoja ashike kuku, mwingine adondoshe tone moja jichoni, angoje kuku apepese jicho.

4. Msichanje kuku ambaye tayari ni mgonjwa mkidhani mnamtibu. Chanjo ni ukuta, na ukuta hujengwa kabla ya mwizi kuja.

5. Wachanjaji wawili au watatu wafundishwe na afisa wa mifugo. Tangu 2013 kazi hii iko chini ya kaunti, kwa hiyo muulizeni afisa wa wadi yenu. Mkimwita mkiwa kikundi, ni rahisi aje kuliko kuitwa na mtu mmoja. Msidhani ni kazi ya wasomi tu. Huko Msumbiji na Tanzania wanakijiji wa kawaida wamefundishwa kuchanja kwa tone la jicho, wakitumia chanjo iitwayo I-2 inayovumilia joto kidogo.

6. Wekeni daftari: tarehe, jina la nyumba, kuku wangapi, pesa ngapi.

Kazi ya nyumbani

Nyumbani nako kuna kazi, lakini ni ndogo. Vifaranga wafunikwe chini ya tenga mchana kwa wiki nne za kwanza, mama yao akiwa karibu. Wapeni maji safi kwenye chombo kisicho na kina. Wapeni mchwa. Wazee wetu walijua kutega mchwa kwa chungu kilichojazwa mabua na samadi, kikafunikwa juu ya kichuguu. Asubuhi vifaranga wanakula nyama ya bure. Vumbi la omena pia ni chakula kizuri. Usiku wasilale penye upepo wala unyevu.

Halafu kumbukeni methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wahenga walisema hivyo ili asipotee. Mimi naongeza, ni ili asituletee msiba. Kuku wa sokoni, au wa zawadi kutoka kwa shemeji, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganyika na wengine.

Kwa jumla ni kama dakika kumi asubuhi, kumi jioni, na alfajiri nne kwa mwaka. Ukipata vifaranga saba badala ya wawili katika kila uangujo, kuku yule mmoja amekupa kuku 21 kwa mwaka badala ya sita. Muuze hata kwa shilingi 500, utaona dakika zile zimelipwa.

Mambo mawili magumu

La kwanza ni kwetu sote. Kuku wakianza kusinzia, wengi wetu hukimbia nao sokoni kabla hawajafa. Tunasema, "Afadhali nipate hata mia mbili." Ndugu zangu, huko ni kumuuzia jirani msiba. Yule mama wa Bumala au Nambale atakayemnunua, wiki ijayo atalia kama ulivyolia. Mfungie kuku mgonjwa. Akifa, mchome au mfukie kwa kina. Vifo vikiwa vingi kwa ghafla, mwambie afisa wa mifugo.

La pili ni la akina baba, na mnisamehe. Mama anaamka alfajiri, anafunika vifaranga, anatoa shilingi 70 za chanjo. Halafu baba anauza jogoo wawili bila kusema neno, na pesa hazifiki nyumbani. Mwaka ujao mama huyo hatachanja. Atachanja kwa nini? Kuku wakiwa mali ya nyumba, kuuzwa kwao kuwe ni mazungumzo ya nyumba. Hilo pia ni chanjo.

Bwana wetu alipotaka kueleza upendo wake kwa Yerusalemu, alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga wake chini ya mabawa. Hakuchagua tai wala simba. Kuku hakusanyi kifaranga mmoja akaacha wengine. Nasi tuwakusanye majirani, hata yule ambaye si mwanachama, hata yule tuliyekosana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kuku wake wasipochanjwa, wako hawako salama.

Basi, mama uliyeniuliza kwa sauti ya chini: kazi yako ina maana. Iliyokosekana ni mikono ya wenzako. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mara ya mwisho kuku wetu walikufa kwa wingi ilikuwa mwezi gani? Ugonjwa uliingia kwa njia gani?
2. Nyumba zote zinazotuzunguka zina kuku wangapi? Nani atawahesabu, na lini?
3. Ni nani wawili watakaokubali kufundishwa kuchanja?
4. Katika nyumba zetu, nani huamua kuku auzwe, na pesa hufanya kazi gani?
5. Mwenye kuku akikosa pesa ya chanjo, kikundi kitafanyaje ili kuku wake wasiachwe?