Msafiri wa tiketi mbili
Huko Fairfield, magharibi mwa Sydney, wanaishi wakimbizi wengi, na habari za msiba wa nyumbani huwafikia kwa simu. Tuseme mfiwa amenunua tiketi ya kwenda Nairobi, na nyingine, ya shirika jingine, hadi Bujumbura. Kwa kawaida mzigo wake utaishia Nairobi. Itambidi apite uhamiaji, auchukue, kisha aukabidhi upya. Na mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi huenda akahitaji kibali cha kuingia. Akichelewa, ndege ya pili haitamngojea, na mazishi hayangoji. Basi kabla hujaondoka kaunta ya Sydney, isome lebo ya mzigo: NBO ni Nairobi, BJM ni Bujumbura.