Mgeni Katika Kilabu cha Pombe

Leo tutazungumza juu ya kilabu cha pombe cha kijijini na jinsi mgeni anavyopokewa hapo. Mnaposikiliza, fuateni maneno katika karatasi zenu.

Mgeni anayetoka Mbinga kwenda Mbamba Bay huiacha milima ya Wamatengo, yenye mashamba ya kahawa na ngoro, akateremka mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa. Siku hizi barabara ni ya lami, nayo ni kilomita 66 hivi. Jioni, akitaka kuzungumza na watu wa mahali, huweza kuonyeshwa kilabu.

Huko hukuta watu wameketi juu ya mabenchi wakinywa komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi. Wakati wa mvua, penye mianzi, huuzwa ulanzi, yaani maji ya mwanzi mchanga uliokatwa ncha. Ulanzi wa leo ni mtamu. Ukilala huwa mkali, na mgeni asiyeambiwa jambo hilo hushangaa miguu ikikataa kusimama. Asiyetumia pombe naye hakosi kitu. Ataomba togwa, na mazungumzo yataendelea.

Mgeni mwenye adabu huwaamkia watu wote kabla ya kuketi. Mwenye pombe naye ana wajibu wake. Hunywa funda moja mbele ya mgeni, ndipo humpa kikombe. Maana yake ni hii: "Nimekunywa mimi, nawe kunywa bila hofu."

Watu wa mbali pia walikuwa na desturi ya kuonja. Katika vijiji vya Uingereza ya zamani palikuwa na waonjaji wa pombe, ambao kazi yao ilikuwa kupima ubora wake. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru kila mwenye nyumba ya pombe atundike alama mlangoni ili ijulikane. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo alama zilikuwa picha, kama simba au taji. Mpaka leo mgeni anayefika huko huitambua nyumba ya pombe kwa picha yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuonja hakumlindi mtu na gongo. Gongo ni pombe ya moshi, na kuitengeneza bila leseni kulikatazwa kwa sheria ya mwaka 1966. Wauzaji wengine waovu huichanganya na spiriti ya viwandani yenye sumu iitwayo methanoli. Sumu hii haina rangi, na ulimi hauwezi kuitenga na pombe nyingine. Mwenyeji ataonja, atacheka, atampa mgeni wake. Mara nyingi sumu huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24. Ndipo kichwa huuma, tumbo husokota, na macho huona kama yamo ndani ya ukungu. Asiyetibiwa upesi huweza kupofuka au kufa, na mwenyeji aliyeonja yumo katika hatari ile ile.

Basi shikeni mambo matatu:

1. Mpe mgeni pombe unayemjua aliyeipika na namna alivyoipika. Kama huijui, mpe togwa.

2. Mtu akinywa gongo, kisha akaona ukungu machoni, mpelekeni hospitali mara moja. Msimwache alale mkidhani ni ulevi tu. Waliokunywa naye waende pia, hata kama hawajasikia maumivu.

3. Mwambieni daktari kweli kwamba alikunywa gongo. Msifiche kwa kuogopa sheria. Dawa ipo, lakini daktari hutibu vema ajuapo kilichonywewa.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi na tuangalie wapone wote wawili.

Maswali ya darasani:

Kwa nini mwenye pombe huonja kwanza? Kwa nini kuonja hakutoshi kwa gongo? Andikeni katika daftari sentensi tatu za kumwonya jirani yenu, kisha mmsomee nyumbani kwake.

Juma lijalo tutakutana tena. Kwaherini.