KUSAHIHISHA DAFTARI NA KUHUISHA DAFTARI

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani



Nimeombwa nizungumzie jambo la elimu ambalo mtu yeyote aweza kulitumia. Nimechagua swali moja: tukiwa tumeandika tunayoyajua, kisha ikaja habari mpya inayopingana na yale tuliyoyaandika, tufanye nini? Wataalamu wa mantiki na wa kompyuta wamelishughulikia swali hili kwa miaka zaidi ya sitini. Mimi lilinikuta nikiwa karani kijana, kabla sijapata habari zao, na aliyelipia gharama ni mtu mwingine.

Nilipotoka hapa shuleni niliajiriwa karani msaidizi katika stoo moja ya vifaa vya ujenzi. Mtunza stoo alikuwa mzee wa makamo, mtu mtaratibu, naye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku moja ilifanyika hesabu ya mali. Leja ilionyesha mifuko 240 ya saruji. Tulipohesabu tulikuta 214. Imepungua mifuko 26. Mkubwa wetu hakuuliza mengi. Alisema, "Mifuko 26 imetoka. Andika 214." Nikachukua wembe, nikakwangua ile 240, nikaandika 214 juu yake. Mzee akasimamishwa kazi siku ile ile.

Kamati ya uchunguzi ilipoifungua leja ilikuta safu za kupokea na kutoa hazilingani na salio, na karatasi imekwanguliwa. Basi ikasema mzee amechezea vitabu. Wembe wangu ukawa ushahidi wa pili dhidi yake. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa tuwatazame wataalamu. Mwaka 1963 John McCarthy, Mmarekani, alianza kuandika namna ya kuieleza kompyuta habari za matendo kwa lugha ya mantiki. Dunia ilivyo kwa wakati fulani aliita hali. Tendo huitoa dunia katika hali moja na kuiingiza katika nyingine. Jambo hili laonekana jepesi, lakini mwaka 1969 yeye na Patrick Hayes walionyesha kikwazo ambacho tangu hapo huitwa tatizo la fremu.

Chukueni kengele yetu ya shule. Ikigongwa, wanafunzi hutoka darasani. Hilo twaweza kuliandika kwa sentensi moja. Lakini je, kengele ikigongwa ubao hubaki ukutani? Mwembe hubaki uwanjani? Mwalimu wa Hesabu hubaki mwalimu wa Hesabu? Kwetu sisi hayo hayasemwi. Mashine isiyoambiwa haijui. Kama matendo ni 100 na mambo ya kuangaliwa ni 100, zipo jozi 10,000, na karibu kila jozi yadai sentensi yake ya kusema kwamba tendo hili haligusi jambo lile. Hakuna karani wa kuandika hayo yote akayamaliza.

Suluhisho mojawapo lililokubalika sana ni la Raymond Reiter wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, la mwaka 1991. Badala ya sentensi kwa kila jozi, aliandika kanuni moja kwa kila jambo: jambo ni kweli baada ya tendo ikiwa tendo hilo limelifanya kuwa kweli, au ikiwa lilikuwa kweli tangu awali na tendo hilo halikuliondoa. Kwa lugha ya stoo: mfuko umo stooni ikiwa umeingizwa sasa hivi, au ulikuwamo na haukutolewa. Kila mtunza stoo mwema huiishi kanuni hiyo bila kuisoma.

Kabla ya hapo palikuwa na njia nyingine, nayo yatufundisha kitu. Baadhi ya watu walisema: chagua tu maelezo yenye mabadiliko machache kuliko yote. Mwaka 1986 Steve Hanks na Drew McDermott wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakatoa kisa kifupi. Mtu yu hai. Bunduki inajazwa risasi. Panapita muda wa kungoja. Kisha bunduki inafyatuliwa kumwelekea. Sote twajua kitakachotokea. Lakini mantiki ya aina ile ilitoa majibu mawili yenye uzito sawa: la kwanza, mtu amekufa, la pili, risasi imetoweka yenyewe wakati wa kungoja na mtu yu hai. Kila jibu lina idadi ile ile ya mabadiliko. Walichokosa ni kuuliza sababu. Kungoja hakutoi risasi katika bunduki.

Ndugu zangu, mkubwa wetu alikuwa na bunduki ya namna hiyo. Alisema mifuko 26 imetoka, lakini hakutaja siku, mlango, gari wala mchukuzi. Ilitoweka tu, wakati wa kungoja.

Nafika sasa kwenye kiini cha maneno yangu. Mwaka 1985 watu watatu, Carlos Alchourrón wa Argentina aliyekuwa mtaalamu wa falsafa ya sheria, Peter Gärdenfors wa Sweden, na David Makinson wa Australia, walitoa kanuni za kubadili imani kwa busara. Kwa kifupi, habari mpya ikikubaliwa iingizwe, migongano iondolewe, na katika yale ya zamani yatupwe machache iwezekanavyo. Watu wakadhani kanuni hizo zatosha kwa kila daftari. Lakini mwaka 1991 Hirofumi Katsuno na Alberto Mendelzon walieleza kwa ufasaha kwamba tunafanya kazi mbili tofauti na kuziita kwa jina moja.

Kazi ya kwanza ni kusahihisha. Dunia haikubadilika, sisi ndio tulioijua vibaya. Kazi ya pili ni kuhuisha. Tuliijua sawasawa, lakini dunia yenyewe imebadilika.

Mfano wao ni chumba chenye kitabu na jarida. Twajua kwamba kimoja kati ya viwili kiko sakafuni, si vyote viwili, lakini hatujui ni kipi. Sasa tufikiri kwa namna mbili. Mtu anachungulia na kusema, "Kitabu kiko sakafuni." Basi twajua pia kwamba jarida haliko sakafuni, kwa sababu ametueleza chumba kile kile tulichokuwa tukikifikiria. Lakini kama badala ya kuchungulia tumetuma roboti akiweke kitabu sakafuni, naye akafanya hivyo, habari za jarida hatuzijui hata kidogo. Huenda liko sakafuni tangu awali, huenda haliko. Sentensi ni ile ile, "Kitabu kiko sakafuni," lakini yanayofuata kutoka kwayo si yale yale. Tofauti haimo katika maneno ya habari. Imo katika jinsi ilivyopatikana.

Vivyo hivyo katika stoo. "Mifuko ni 214" ilikuwa kweli, nilihesabu mwenyewe. Ukiichukua kuwa habari ya kuhuisha, maana yake mifuko 26 ilikuwamo ikatoka, na aliyeshika ufunguo ana la kujibu. Ukiichukua kuwa ya kusahihisha, maana yake haikuwamo kamwe, na aliyeshika kalamu ndiye mwenye la kujibu. Tarakimu ile ile yamhukumu mtu huyu au yule.

Ndugu Mwenyekiti, aliyeshika kalamu nilikuwa mimi. Baada ya miezi mitano ilipatikana nakala ya hati ya kupokelea mzigo. Lori lililoandikwa kwenye leja kuwa lilileta mifuko 120 lilileta 94. Mimi niliinakili 120 kutoka kwenye hati ya kuagizia, kwa kuwa nilikuwa na haraka, na hati ya kupokelea haikuwa mezani. Nilikwenda nikasema, yaani nilisema la lori na la wembe pia. La wembe nililijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza kwa kuogopa mkubwa. Mzee alirudishwa kazini. Alinisalimu kama kawaida, wala hakunisema hata siku moja. Ila ufunguo wa stoo hakunikabidhi tena.

Nini kingetuokoa? Jibu lake limo katika kazi ya Robert Kowalski na Marek Sergot wa Imperial College, London. Mwaka 1986 walitoa njia inayoitwa hesabu ya matukio. Katika njia hiyo ghala la maarifa haliandiki hali ya leo na kuifuta ya jana. Linaandika matukio na nyakati zake: hiki kilianza siku hii kwa tukio hili, kile kilikoma siku ile kwa tukio lile. Hali ya leo hupatikana kwa kukokotoa. Habari mpya huongezwa, na hata ikichelewa kufika, huingia mahali pake katika mfuatano wa matukio. Laiti leja ile ingebaki na 240 yake, na chini yake pakaandikwa, "Tarehe fulani, imehesabiwa 214, sababu haijajulikana," kamati ingeanza kutafuta kutoka lori hadi lori.

Leo kompyuta zinatunza orodha za wagonjwa, za mishahara, za viwanja na za wapiga kura. Zinafuta upesi kuliko wembe, wala hazina karatasi ya kuonyesha mkwaruzo, isipokuwa aliyezitengeneza ameziamuru zitunze kumbukumbu. Wadogo zangu mtakaozitengeneza, jambo hilo liko mikononi mwenu.

Nami nina ombi moja kwa Katibu wetu. Katika daftari la wanachama nimeona majina yaliyofutwa na mengine yaliyoandikwa juu yake. Mwenzetu aliyehama, aandikwe kwamba amehama, na mwaka. Tuliyemwandika vibaya, aandikwe kwamba tulikosea, na nani ametusahihisha. Na kabla ya kuandika neno marehemu mbele ya jina la mtu, tuulize habari hiyo imeletwa na nani.