Kazi Inapohama, Watu Huifuata

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi, Kata ya Kilimatinde)



Nimeombwa nieleze kwa nini vijana wetu wanaondoka kutafuta kazi. Wapo wanaosema vijana ni wavivu wa jembe. Naomba nitofautiane nao, kwa kuwa historia ya mahali hapa inasema vingine.

Zamani kazi ilikuwa hapa. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii, na Wajerumani wakajenga boma Kilimatinde. Kisha ikaja reli. Ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imepita Saranda na Manyoni, ikatuacha pembeni. Baadaye makao ya wilaya nayo yakawa Manyoni. Kilimatinde haikuwa imekosa kitu, ila njia ya kazi ilihama, na watu wakaifuata.

Wakati wa Waingereza palikuwa na kodi, nayo ilidai fedha taslimu. Wanaume wengi wa Singida wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu walitambuliwa kwa namba. Siku zao za kazi zilihesabiwa katika kipande, na kipande kilikamilika kwa siku 30 za kazi.

Leo sababu zinafanana na zile. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa nne. Uwele, mtama na alizeti vikikauka, nyumba haina msimu wa pili wa kujaribu tena. Ada, matibabu na mahitaji ya nyumbani havisubiri mvua. Wakati huohuo kijana anasikia habari za ujenzi Dodoma na reli ya kisasa kutoka Makutupora kwenda Tabora. Mwaka 1970 wataalamu wawili, John Harris na Michael Todaro, walieleza kwamba mtu huhamia mjini kwa kupima mshahara anaoutumaini na nafasi ya kuupata. Ndiyo maana huenda hata akijua kwamba wengi mjini hawana kazi. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili. Tatizo ni pale anapoifanya kwa taarifa za uongo.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo, hasa kuhusu mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Mgeni anakuja na simu na nauli, anaahidi mshahara mzuri, na binti anaondoka alfajiri. Baada ya miezi miwili namba ile haipatikani, na mzazi hajui hata mtaa anaoishi mwanawe.

Wazazi wenzangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari. Inamtaka pia mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Vilevile, usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 2008. Basi kabla mtu hajapanda basi, andikeni jina kamili la mwajiri, mtaa, simu na mshahara uliokubaliwa. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Kwa tatizo la mtoto, pigeni 116, bila malipo.

Kwa anayetaka kubaki, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza.

Ndugu zangu, hatuwezi kufunga njia, wala si haki kuifunga. Lakini manamba wa zamani, pamoja na taabu zake, alikuwa na kipande chenye hesabu ya siku zake. Binti yetu wa leo asiondoke mikono mitupu. Tahadhari kabla ya hatari.